Kuzidi, Kutangulia na Kuweka Kando: Vitenzi vya Kiingereza vya Umuhimu Linganishi na Ufasiri Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi vinavyoeleza kwamba jambo moja lina umuhimu kuliko jingine. Miongoni mwake ni 'outweigh', 'take precedence', 'prevail', 'override', 'trump', 'supersede', 'overshadow' na 'eclipse'. Mfasiri wa Kiswahili hushawishika kuvipa vyote tafsiri moja, yaani "kuwa muhimu zaidi kuliko". Makala hii inajadili kwamba vitenzi hivyo havibadilishani nafasi, kwa sababu kila kimoja hubeba sitiari yake na hutoa hukumu yake juu ya hatima ya jambo lililozidiwa. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhana, makala inavigawa vitenzi hivyo katika makundi manne, inachunguza zana ambazo Kiswahili kinazo kwa kila kundi, na inapendekeza vipimo vitatu vya kumwongoza mfasiri, hususani katika matini za sheria na tiba.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha, mjini Helsinki nchini Finland, tamko la maadili ya utafiti wa tiba unaohusisha binadamu. Tamko hilo limerekebishwa mara kadhaa. Katika toleo la mwaka 2013 mna kauli mbili zinazohusu umuhimu linganishi. Ya kwanza inasema kwamba lengo la kupata maarifa mapya haliwezi kamwe kuwa mbele ya haki na maslahi ya mtu anayefanyiwa utafiti; kitenzi kilichotumika ni 'take precedence'. Ya pili inasema kwamba utafiti utafanyika tu iwapo umuhimu wa lengo lake unazidi hatari na mizigo inayomkabili mshiriki. Hapa kitenzi ni 'outweigh'.

Kwa msomaji wa Kiingereza kauli hizi mbili hazigongani. Ya pili inaweka mizani: lengo upande huu, hatari upande ule. Ya kwanza inatamka kwamba kuna kitu ambacho hakipandishwi kwenye mizani hiyo hata kidogo, nacho ni haki za mtu. Sasa mfasiri akiandika kwamba "lengo la utafiti si muhimu zaidi kuliko haki za mshiriki" na kisha "lengo la utafiti liwe muhimu zaidi kuliko hatari kwa mshiriki", tofauti hiyo inapotea. Msomaji wa Kiswahili ataona mizani moja iliyotumika mara mbili, na anaweza kuhitimisha kwamba lengo likiwa kubwa vya kutosha, hata haki zinaweza kuzidiwa. Hitimisho hilo ndilo hasa ambalo tamko lilikusudia kulizuia. Katika Afrika ya Mashariki, ambako washiriki wengi wa utafiti wa tiba husomewa fomu za ridhaa kwa Kiswahili, suala hili linagusa ulinzi wa watu wenye miili na damu, wala si la mapambo ya lugha.

Hoja hiyo inapata uzito zaidi katika uwanja wa sheria. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Kazi ya kuhamisha sheria kutoka Kiingereza ni kubwa, na vitenzi vya umuhimu linganishi hujitokeza kila mahali ambapo kanuni mbili zinakutana na moja lazima ipishe.

2.0 Ulinganishi katika Kiswahili

Kabla ya kuvichambua vitenzi vya Kiingereza, inafaa kuzitazama zana ambazo Kiswahili kinazo. Zana iliyozoeleka zaidi ni 'kuliko', umbo ambalo kwa asili ni la mahali: *ku-li-ko*, yaani pale palipo na kitu. Kusema kwamba "afya ni bora kuliko mali" ni kuiweka afya kando ya mali na kuutaja ubora wa ile ya kwanza. 'Kuliko' hutaja tofauti ya kiwango, lakini haisemi lolote kuhusu kinachoipata mali baada ya ulinganisho huo. Katika methali "nusu shari kuliko shari kamili", mzungumzaji anachagua, lakini uchaguzi huo unatokana na muktadha na si 'kuliko' yenyewe.

Zana ya pili ni vitenzi -zidi, -shinda na -pita. Stassen (1985), katika uchunguzi wake wa ulinganishi katika lugha za dunia, alionesha kwamba ulinganishi wa aina hii, unaojengwa kwa kitenzi chenye maana ya kuzidi au kupita, umeenea sana barani Afrika. Hata hivyo, vitenzi hivi vitatu havilingani katika Kiswahili. -Zidi, chenye asili ya Kiarabu, huzungumzia wingi na kiasi. Ndicho kilichomo katika msemo "maji yamezidi unga", ambamo kuzidi ni kuvuka kipimo kinachofaa na kuharibu shughuli nzima. -Shinda huleta picha ya pambano, na kwa hiyo huzaa mshindi na mshinde. -Pita ni mwendo: kilichokuwa nyuma sasa kiko mbele.

Kisintaksia, kuna tofauti ya msingi kati ya lugha hizi mbili. Kiingereza huweka dhana ya kuzidi katika kiambishi awali, 'out-' au 'over-', na kuuacha mzizi ubebe kigezo: uzito, cheo, idadi, kivuli. Kiambishi 'out-' kina uzalishaji mkubwa kiasi kwamba Shakespeare, katika tamthilia ya *Hamlet*, aliweza kukiambatisha kwenye jina la Mfalme Herode na kupata kitenzi cha kumpita Herode kwa uherode wake. Kiswahili hufanya kinyume. Kuzidi hukaa katika mzizi wa kitenzi, na kigezo hufuata katika kirai kinachoanza na *kwa*:

(1) Hoja ya utetezi inaizidi hoja ya mashtaka kwa uzito.
(2) Wajumbe wa bara wanawazidi wa visiwani kwa idadi.
(3) Jaji huyu anampita mwenzake kwa cheo.

Muundo huu una faida na hasara. Faida yake ni uwazi, kwa kuwa kigezo hutajwa waziwazi. Hasara ni kwamba kirai cha *kwa* si cha lazima kisintaksia. Mfasiri mwenye haraka hukiacha, na sentensi hubaki na -zidi tupu ambayo haielezi ni kwa lipi. Ndiyo maana vitenzi vingi tofauti vya Kiingereza huishia katika umbo moja la Kiswahili.

3.0 Makundi manne ya vitenzi

Lakoff na Johnson (1980) walidai kwamba binadamu huzifahamu dhana za kufikirika kwa kuzivisha tajiriba za mwili na mazingira. Umuhimu ni dhana ya namna hiyo. Hauonekani wala haushikiki, kwa hiyo lugha huuazima uzito, nafasi, nguvu na mwanga. Kila mkopo huja na mantiki yake.

3.1 Sitiari ya mizani

Kitenzi cha msingi hapa ni 'outweigh', pamoja na ndugu yake wa kitaaluma 'preponderate', kilichotokana na neno la Kilatini la uzito. Mantiki ya mizani ni kwamba pande zote mbili huhesabiwa. Kilichozidiwa hakiondolewi, bado kimo sahanini na bado kinavuta. Ukikiongezea uzito, matokeo yanaweza kugeuka.

Kiswahili kimejiandaa vizuri kwa sitiari hii. Husemwa "hoja nzito", "kulipa jambo uzito", na "mizani imeelemea upande fulani". Tatizo liko katika uteuzi wa neno la kupimia. Kauli ya kitabibu kwamba faida za dawa zinazidi madhara yake inaweza kutolewa kwa namna tatu:

(4) Faida za dawa hii ni nyingi kuliko madhara yake.
(5) Faida za dawa hii ni kubwa kuliko madhara yake.
(6) Faida za dawa hii zina uzito kuliko madhara yake.

Sentensi ya (4) inahesabu. Dawa yenye faida moja, ya kuokoa maisha, na madhara madogo kumi, haiwezi kuelezwa kwayo bila kupotosha. Sentensi ya (5) inakaribia, na ya (6) ndiyo inayobeba wazo la kupima. Kitenzi -lemea, ambacho kimaumbo kingetarajiwa kufaa, hakifai, kwa sababu kulemea ni kuonea na kulemewa ni kuchoka chini ya mzigo. Faida haziwezi kulemea. Vivyo hivyo, kauli ya kutendwa ya -zidi ina hatari yake katika matini za tiba, kwani "mgonjwa amezidiwa" tayari ni habari ya hali yake kuwa mbaya.

3.2 Sitiari ya mpangilio

Kundi la pili lina 'take precedence', 'outrank' na 'prevail'. Kitenzi cha kwanza kinatokana na Kilatini cha kwenda mbele, na cha tatu na Kilatini cha kuwa na nguvu zaidi. Hapa hakuna mizani. Kuna safu, na nafasi katika safu imekwisha kupangwa kabla ya mgogoro kutokea. Kilichozidiwa hakijafutwa, ila kinasubiri, na pale kinapogongana na cha mbele, kinapisha. Ndilo wazo lililomo katika methali "mwenye nguvu mpishe".

Kiswahili kina -tangulia, -tanguliza na nomino *kipaumbele*. Vyote vinafaa, lakini kila kimoja kina dosari ya kuangaliwa. *Kipaumbele* kimechakaa kwa matumizi. Leo taasisi moja huweza kuwa na vipaumbele kumi, na neno ambalo lingepaswa kumtaja wa kwanza limekuwa orodha ya matakwa. -Tangulia nacho kina mtego wa nahau. Mfasiri anayetafuta tafsiri ya kauli ya Helsinki anaweza kuandika:

(7) *Lengo la utafiti haliwezi kutangulia mbele ya haki za mshiriki.

Kisarufi sentensi haina kosa. Lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili, "kutangulia mbele ya haki" ni kufariki dunia. Fomu ya ridhaa inayomkumbusha mgonjwa kifo katika sentensi iliyokusudiwa kumhakikishia usalama imeshindwa kazi yake. Sentensi ya (8) inaepuka mtego huo na inahifadhi mantiki ya safu:

(8) Haki za mshiriki ndizo zitakazozingatiwa kwanza, na lengo la utafiti haliwezi kamwe kuwekwa juu yake.

Katika (8) kuna kipashio kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nacho ni *ndi-*. Kipashio hiki cha msisitizo hutambulisha kitu kimoja na kuvitenga vingine vyote. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 64(5), inaeleza kwamba sheria nyingine ikigongana na Katiba, Katiba ndiyo yenye nguvu, na sheria hiyo ni batili kwa kiasi inachokiuka. Mahali ambapo Kiingereza cha kisheria hutumia kitenzi kimoja, 'prevail', Kiswahili kimegawa kazi: "kuwa na nguvu" kinataja uwezo, na *ndi-* inataja upekee wa mwenye uwezo huo. Sarufi imefanya kazi ambayo Kiingereza kimeiachia msamiati. Hiki ni kielelezo kwamba fasiri bora haitafuti kitenzi kwa kitenzi, bali hutafuta mahali ambapo lugha pokezi huiweka maana ile ile.

3.3 Sitiari ya kuondoa

Kundi la tatu ndilo lenye ukali zaidi: 'override', 'supersede' na 'trump'. Cha kwanza kilimaanisha kupita juu ya kitu kwa farasi. Cha pili kinatokana na Kilatini cha kukaa juu. Cha tatu kimetoka kwenye mchezo wa karata. Mantiki yao ni kwamba kilichozidiwa kinaondolewa katika hesabu, ama kwa tukio moja ama moja kwa moja.

Kwa 'override', Kiswahili kina kitenzi kinachofanana nacho kwa picha, nacho ni -kiuka, ambacho asili yake ni kupita juu ya kitu bila kukigusa. Lakini historia ya maana imevitenganisha. Leo kukiuka ni kuvunja: hukiukwa sheria, haki na masharti. Amri ya mahakama inayoruhusu siri ya mgonjwa itolewe kwa sababu maalumu haikiuki siri hiyo, kwa kuwa imetolewa kwa mamlaka halali. Kutumia -kiuka hapa ni kugeuza uhalali kuwa kosa. -Batilisha nacho kinapita kiasi, kwa kuwa kilichobatilishwa hakipo tena, ilhali wajibu wa kutunza siri unaendelea kuwapo kesho yake kwa mgonjwa yule yule. Kirai kitenzi "-weka kando" kinatosha. -Tengua kinafaa pale kinachozidiwa ni uamuzi, kama inavyodhihirika katika "kutengua uteuzi" na "kutengua hukumu". Kwa 'supersede', ambacho kinadai kwamba kipya kimeondoa cha zamani na kukikalia kiti chake, "-futa na kuchukua nafasi ya" ni ndefu lakini ni kamili. "-Chukua nafasi ya" peke yake haielezi kama cha zamani kimefutwa.

'Trump' kina hadithi ya kuvutia zaidi. Kitenzi hiki kilitokana na nomino ya karata iliyochipuka, katika karne ya 16, kutoka neno lenye maana ya ushindi. Wareno, waliofika pwani ya Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1498, walikuwa na *trunfo*, lenye chimbuko lilo hilo la Kilatini. Kiswahili kililipokea neno hilo kama *turufu*, pamoja na *karata* yenyewe na majina ya aina zake: shupaza, kopa, uru na pau. Kwa hiyo 'trump' na *turufu* ni mabinamu waliokulia nyumba tofauti.

Kanuni ya turufu ni kwamba karata ndogo ya turufu huishinda karata kubwa ya aina nyingine yoyote. Ukubwa hauna kauli hapo. Kiswahili kimekwisha kuitumia kanuni hiyo nje ya mchezo katika istilahi *kura ya turufu*. Kwa mujibu wa ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, uamuzi wa Baraza la Usalama usiohusu utaratibu hauwezi kupita iwapo mmoja wa wanachama watano wa kudumu ataupinga. Baraza lina wanachama 15. Kura 14 za ndiyo zinaweza kuangushwa na moja ya hapana. Kwa lugha ya mizani, hilo ni jambo lisiloelezeka. Kwa lugha ya turufu, ni jambo la kawaida.

Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin, katika maandishi yake ya miaka ya 1970, aliitumia sitiari hii kueleza kwamba haki za mtu binafsi ni turufu dhidi ya malengo ya jumla ya jamii. Hakusema kwamba haki ni nzito zaidi. Angesema hivyo, ingetosha kuongeza idadi ya watakaonufaika ili haki ya mmoja ipotee. Tafsiri ya "haki ni muhimu zaidi kuliko maslahi ya wengi" inaiua hoja yake, ilhali "haki ni turufu mbele ya maslahi ya wengi" inaihifadhi, na kwa neno ambalo limo katika lugha kwa karne kadhaa.

3.4 Sitiari ya mwanga na kivuli

Kundi la mwisho, lenye 'overshadow' na 'eclipse', halizungumzii umuhimu wenyewe bali mwonekano wake. Kilichozidiwa kipo na thamani yake haijapungua, ila macho hayakioni. Hapa tamaduni za lugha mbili zinaachana. Katika nchi za baridi kivuli ni hasara. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili kivuli ni hifadhi, na mtu hukaa kivulini kwa raha zake. Ndiyo sababu Kiswahili hupendelea -funika, -gubika na -meza:

(9) Habari za uchaguzi zimezifunika habari za mafuriko.

Kuhusu 'eclipse', Kiswahili kina "kupatwa kwa jua" na "kupatwa kwa mwezi". Muundo wake ni wa kutendwa na hauna mtenda: jua limepatwa, kama mtu anavyopatwa na maradhi. Kiima ni aliyefikwa, na aliyemfika hatajwi. Kwa hiyo kitenzi hiki hakiwezi kuzalisha sentensi ya "fulani amempatwa fulani" ya kuonesha kwamba mmoja amemzidi mwingine kwa sifa. Mfasiri anayeng'ang'ania picha ya jua na mwezi hujikuta hana kitenzi. Anayeiacha picha na kuifuata maana hukipata -funika bila taabu.

4.0 Vipimo vya mfasiri

Uchambuzi huu unaweza kufupishwa katika maswali matatu ambayo mfasiri anaweza kujiuliza kabla ya kuteua neno. Swali la kwanza: je, kuongeza kiasi upande ulioshindwa kunaweza kubadili matokeo? Jibu likiwa ndiyo, sitiari ni ya mizani, na maneno ya uzito ndiyo yafaayo. Jibu likiwa la, mizani haihusiki, na 'kuliko' pekee itapotosha.

Swali la pili: je, kilichozidiwa kinaendelea kuwa na nguvu mahali pasipo na mgongano? Kama kinaendelea, "-zingatiwa kwanza", "kuwa na nguvu" au "-weka kando" ndizo mbadala, kutegemea kama mpangilio ulikuwapo kabla au umetokana na uamuzi wa tukio moja. Kama hakiendelei, basi ni "-futa" au "-batilisha". Swali la tatu: je, kilichopotea ni thamani au ni mwonekano tu? Kama ni mwonekano, -funika na jamaa zake ndizo zinazostahili.

Vipimo hivi vinaonesha pia kwamba matini moja inaweza kubadili sitiari kadiri muda unavyopita. Tamko la Helsinki lenyewe, katika marekebisho ya Tokyo ya mwaka 1975, lilitumia 'prevail' kwa maslahi ya mshiriki dhidi ya yale ya sayansi na jamii. Katika marekebisho ya Edinburgh ya mwaka 2000 likatumia 'take precedence'. Vitenzi vyote viwili ni vya mpangilio. Maneno yalibadilika, lakini hukumu juu ya haki za mshiriki haikuhamishiwa kwenye mizani. Mfasiri anayeyajua makundi haya ataona mwendelezo huo. Asiyeyajua ataona visawe viwili tu.

5.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba vitenzi vya Kiingereza vya umuhimu linganishi hutofautiana kwa hatima vinayokipa kilichozidiwa: kuhesabiwa, kusubiri, kuondolewa au kufichwa. Imeonesha pia kwamba Kiswahili hakina upungufu wa zana. Kina uzito na mizani, kina *ndi-* na safu, kina turufu iliyokuja na majahazi ya Wareno, na kina -funika. Upungufu uko katika mazoea ya kuzikusanya tofauti hizo zote chini ya "muhimu zaidi kuliko".

Katika mikataba mingi ya lugha mbili huwekwa kifungu cha kuamua ni toleo lipi litakalotawala iwapo maandiko yatatofautiana, na kitenzi cha kifungu hicho huwa ni 'prevail'. Kiswahili kinapoanza kuwa lugha ya sheria kwa vitendo, kutakuwa na vifungu ambamo toleo la Kiswahili ndilo litakuwa na nguvu. Siku hiyo, neno lililoteuliwa ovyo halitaweza kusahihishwa kwa kurejea kwenye Kiingereza. Uteuzi makini wa vitenzi hivi ni kazi ya sasa ya wanaisimu, wanasheria na wafasiri kwa pamoja, na kamusi za istilahi za sheria na tiba ndizo mahali pake pa kuanzia.